Tarehe ya kliniki iko miezi minne mbele: ni barua ndiyo itakayoivuta

Swali: Shikamoo Mama. Sisi tunaishi Mishomoroni. Babangu ana miaka 67 na tangu mwaka jana anasumbuka na mkojo. Unatoka kwa taabu, na usiku halali kwa kuamka. Tulimpeleka hospitali ya karibu, tabibu akasema ni tezi dume imefura, akampa dawa na barua ya kwenda kliniki ya mkojo katika hospitali ya rufaa. Kule tumepewa tarehe ya miezi minne mbele. Majirani wananiambia nitafute mtu wa ndani nimpe chochote. Mimi nauza mahamri, hicho chochote sina, na hata ningekuwa nacho moyo wangu hautaki. Je, ipo njia ya halali ya kuisogeza tarehe?

Marahaba, mwanangu. Njia ipo, na inaanzia pale mlipoandikiwa barua, siyo pale mlipopewa tarehe.

Lakini kwanza nikueleze yale yasiyongoja tarehe yoyote. Babako akifika mahali mkojo haupiti kabisa, tumbo la chini limejaa na linauma, mpeleke kasualti saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane za usiku. Huko atawekewa mpira wa kutoa mkojo na atapumua. Vivyo hivyo akipata homa na kutetemeka, au akikojoa damu yenye mabonge. Na la kuogopwa zaidi ni miguu kulegea ghafla huku mgongo unauma. Hiyo yaweza kuwa dalili kwamba uti wa mgongo unabanwa, na saa chache ndizo huamua kama mtu atatembea tena. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kasualti hawaulizi barua ya rufaa.

Sasa tuje kwenye tarehe. Nimekuwa muuguzi miaka 31, na tisa ya mwisho nilikaa kwenye meza ya kliniki za madaktari bingwa, kwa hivyo nikwambie inavyopatikana. Watu wengi hudhani daktari ameisoma barua, akapima, akaamua mgonjwa huyu anaweza kungoja miezi minne. Hapana. Daktari hajamjua babako bado. Mara nyingi aliyeandika tarehe ni mtu wa rekodi au muuguzi wa mezani, mwenye kitabu mbele yake na watu arobaini nyuma yako. Amepokea barua, akaitupia jicho, akafungua kitabu akatafuta ukurasa wa kwanza wenye nafasi. Ukurasa huo ndio tarehe yenu.

Na kurasa hujaa kwa sababu inayoeleweka. Hapa Mombasa hospitali ya rufaa ya serikali, ya ngazi ya 5, ni Hospitali Kuu ya Pwani, Makadara kama tunavyoiita wenyewe, na watu hupelekwa hapo kutoka kaunti zote 6 za Pwani: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita-Taveta. Tuseme kliniki fulani iko siku moja kwa wiki, na daktari anaweza kuona watu 30. Wengi kati ya hao 30 ni wa zamani wanaorudi: aliyepasuliwa, anayebadilishiwa mpira, anayesubiri majibu. Wageni kama babako wanagawana nafasi chache zilizobaki. Ukiwa na kitabu kama hicho huna la kufanya ila kusogea mbele, isipokuwa kitu kimoja kikushike mkono: barua inayosema kwa nini huyu asiwekwe mwisho.

Nikuonyeshe barua mbili. Ya kwanza ni ya namna niliyopokea mara nyingi kuliko nyingine zote: "Mwanamume, miaka 67. Tezi dume imevimba. Tafadhali mwone." Basi. Ya pili: "Mwanamume, miaka 67. Miezi 14 ya shida ya mkojo, inazidi. Anaamka mara 6 usiku. Ameona damu kwenye mkojo mara 2 mwezi huu. Ametumia dawa wiki 6 bila nafuu. PSA 18. Kriatinini imepanda. Ultrasaundi: mkojo mwingi unabaki kibofuni baada ya kukojoa, figo zote mbili zimeanza kutanuka. Naomba aonwe haraka." PSA na kriatinini ni vipimo vya damu, nitavieleza mbele. Huenda ni mzee yule yule. Barua ya kwanza niliitilia tarehe kwenye ukurasa wenye nafasi. Ya pili niliinuka nayo kwenye kiti, nikagonga mlango wa daktari.

Sikuambii mumzulie babako dalili. Uongo huonekana siku ya kwanza ya kliniki, na tena unamnyang'anya nafasi mzee mwingine ambaye figo zake kweli zinaharibika. Ninachokwambia ni kwamba huenda babako ana mambo ambayo hayakuandikwa kwa sababu hakuna aliyemuuliza, na wazee wetu hawasemi. Mwanamume wa miaka 67 hatamwambia tabibu kijana, tena binti yake amekaa pale, kwamba usiku analowesha nguo. Atasema "nasumbuka kidogo." Na kidogo hicho ndicho huandikwa.

Kwa hivyo anza na daftari. Siku 3, mchana na usiku, aandike kila anapokojoa: saa ngapi na kiasi gani. Mpe kikombe cha zamani cha kupimia, kile chenye mistari ya mililita, akiweke chooni. Aandike pia alichokunywa. Kama kuandika kunamlemea, kaka yako au mjukuu wa kiume amwandikie. Hilo atalikubali kwa urahisi zaidi. Daftari hili madaktari wa mkojo hulitumia kweli, wala si mapambo.

Kisha kuna maswali saba wanayouliza duniani kote kuhusu tezi dume, na kila swali lina alama kuanzia 0 hadi 5. Katika mwezi uliopita, ni mara ngapi amehisi mkojo haukwisha kibofuni? Amerudi kukojoa kabla ya muda wa saa mbili kupita? Mkojo umekatika na kuanza tena? Ameshindwa kujizuia ukimjia? Umetoka kwa nguvu ndogo? Amelazimika kusukuma ndipo uanze? Na usiku ameamka mara ngapi? Jumla ni 35. Hadi 7 huhesabiwa nyepesi, 8 hadi 19 ya wastani, 20 kwenda juu ni nzito. Tabibu akiandika kwenye barua "alama 24 kati ya 35," daktari bingwa anaelewa mara moja, bila kumwona mgonjwa.

Halafu vipimo, na hapa naomba unisikilize sana, kwa sababu hapa ndipo miezi inapopotea kuliko mahali pengine popote. Mgonjwa akifika kliniki siku yake bila vipimo, daktari hana cha kuamua. Humwandikia aende akapime, arudi. Kurudi maana yake ni tarehe nyingine. Nakumbuka mzee mmoja kutoka Tana River, alilala njiani, akafika kwetu alfajiri na kanzu yake imeshikana na vumbi. Alikuwa amengoja miezi mitatu. Alikaa na daktari dakika sita. Akatoka na karatasi ya maabara, na mimi ndiye niliyemwandikia tarehe mpya, miezi miwili na nusu mbele. Hakugomba. Aliikunja karatasi mara nne akaitia kwenye kofia yake. Hadi leo najiuliza kwa nini siku ile ya kwanza, aliyeipokea barua yake hakumwambia: mzee, njoo na vipimo hivi vinne.

Basi nakwambia wewe. Ni kipimo cha mkojo, kuona kama kuna maambukizi au damu. Kriatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. PSA, nayo ni ya damu, hupima protini inayotoka kwenye tezi dume. Na ultrasaundi ya figo na kibofu, akojoe kwanza kisha wapime tena kiasi kilichobaki. Mwombeni tabibu aviandike sasa, wala msingoje tarehe. PSA ina jambo lake: ikiwa kipimo cha mkojo kimeonyesha maambukizi, atibiwe kwanza, PSA ipimwe baada ya wiki kama sita, kwa sababu maambukizi huipandisha na mtatishika bure. Mpira wa mkojo nao huipandisha. Na PSA iliyopita 4 haina maana kwamba ni saratani; tezi iliyofura tu yaweza kuifikisha huko. Ni sababu ya daktari kutazama kwa karibu, na ni sababu ya tarehe kusogezwa.

Ukishakuwa na daftari na majibu, rudi kwa tabibu yule yule. Usiende kulalamika kwamba barua yake ilikuwa fupi. Naye ana foleni yake. Mwambie hivi: "Daktari, tumepata tarehe ya mbali, na haya ndiyo majibu yaliyotoka. Naomba utuandikie barua mpya yenye haya." Mwombe aandike kwa herufi zinazosomeka, apige muhuri, na kama ana namba ya simu ya kazini aiweke. Barua yenye namba ya kupigia aliyeiandika ina uzito wake. Na kama tabibu mwenyewe ataona jambo ni la haraka, mwombe kwa adabu apige simu kliniki kuzungumza na daktari. Simu moja ya mtaalamu kwa mtaalamu nimeiona ikifanya kazi ya wiki kumi.

Kisha nenda kliniki. Usiende asubuhi ya siku ya kliniki. Wakati huo hakuna mtu wa kukusikiliza. Nenda siku nyingine, alasiri, watu wamepungua. Muulize muuguzi msimamizi, inchaji wa kliniki hiyo. Huyo ndiye mwenye uwezo wa kuingia kwa daktari na barua mkononi na kusema, "Daktari, huyu itazame." Msalimie, mweleze kwa sentensi tatu, umpe barua na majibu, ubaki na nakala. Usimwage kisa chote cha tangu mwaka jana. Sema: "Babangu ana tarehe ya miezi minne. Majibu mapya yameonyesha hivi. Naomba daktari aione barua aamue kama tarehe ibaki au isogee." Ombi la namna hiyo ni gumu kulikataa, kwa kuwa hukuomba upendeleo. Umeomba daktari aamue, na hiyo ndiyo kazi yake.

Kabla hujaondoka, omba na jambo la pili: babako aandikwe kwenye nafasi za wasiofika. Kila siku ya kliniki kuna watu hawaji. Nauli kutoka Lamu au Hola imekosekana, mtu kahamia kwingine, wengine wamekwisha kufa, Mungu awarehemu. Nafasi hizo mara nyingi hupotea kwa kuwa hakuna wa kumpigia simu akafika kwa wakati. Nyinyi mko Mishomoroni. Matatu moja, daraja la Nyali, mmefika mjini. Mwambie inchaji waziwazi: "Ukituita saa moja asubuhi, saa mbili na nusu tupo, na vipimo vyote viko tayari." Mwachie namba mbili za simu, yako na ya mtu mwingine wa nyumbani, na ziwe hewani. Nilipokuwa mezani nilikuwa na orodha ya namna hiyo kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya jalada la kitabu. Niliwapigia wale niliojua watafika na karatasi zao zimekamilika.

Angalia pia tarehe yenyewe isije ikaangukia siku ya mapumziko, kama Oktoba 20 au Idd. Hutokea, na mtu hufika akakuta mlango umefungwa. Na kukiwa na mgomo usikae nyumbani ukitumai tarehe itajisogeza. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, Machi hadi Mei. Waliorudi mapema kuandikwa upya ndio walioonwa mapema.

Mambo ya SHA, bima ya afya ya serikali, nitayapitia kwa ufupi, ila usiyadharau. Tangu Oktoba 2024 SHA ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na 3 vinamhudumia aliyejisajili bila malipo, lakini kuanzia ngazi ya 4 kwenda juu lazima mchango uwe umelipwa, na kwa asiye na mshahara ni wa mwaka mzima: asilimia 2.75 ya kipato cha nyumba, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Piga *147# uone babako yuko katika hali gani. Kisha tazama namba ya simu aliyosajiliwa nayo. Hospitali humthibitisha mgonjwa kwa alama za vidole, na pengine kwa nambari inayotumwa kwenye simu, na wazee wengi walisajiliwa kwa simu ya mpwa ambaye sasa yuko Malindi na hapokei. Rekebisheni sasa. Ikifika wakati wa kupasuliwa, hospitali itahitaji idhini ya SHA kabla, na tarehe ya chumba cha upasuaji ikipotea kwa sababu ya simu ya mpwa, inauma.

Kuhusu mtu wa ndani. Mwanangu, moyo wako umekuongoza vyema, na nakupa sababu mbili za kuushikilia. Sheria ya mwaka 2016 ya kupambana na hongo inamhesabu mtoaji kuwa na kosa sawa na mpokeaji. Na ya pili nimeiona kwa macho yangu: yule anayechukua pesa mlangoni hawezi kubadilisha uamuzi wa daktari. Anaweza kumwingiza babako kwenye foleni ya asubuhi hiyo. Ataingia bila vipimo, atatoka na karatasi ya maabara kama yule mzee wa Tana River, na pesa za unga zimekwenda. Pesa ulizofikiria kumpa, lipia ultrasaundi.

Ikiwa umepeleka barua kamili, majibu yanaonyesha hatari, na bado unaambiwa ngoja, usigombane mezani. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa msimamizi mkuu wa hospitali, ubandike nakala ya rufaa na majibu, na ukiipeleka wakupigie muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inakupa haki ya kulalamika na malalamiko yako kuchunguzwa. Barua tulivu yenye muhuri husomwa.

Milango mingine ipo. Muulize tabibu kama babako anaweza kuonwa kwanza na daktari wa upasuaji wa jumla katika hospitali ya kaunti ya jirani, Kilifi au Msambweni, ambako huenda kitabu kina nafasi karibu zaidi. Pia madaktari bingwa wengi wa serikali wana kliniki zao za jioni mjini. Kama familia inaweza kuchanga malipo ya kuonwa mara moja tu, piga simu uulize bei kwanza, nenda na majibu yote, na mwambie daktari tangu mwanzo kwamba matibabu mtaendelea nayo serikalini, kwa hivyo mnaomba akuandikieni barua ya kurudi huko. Lakini kwa mwenye kuuza mahamri ningesema vipimo kwanza, hili baadaye, na pengine halitahitajika.

Na wakati mnangoja, yako mambo ya kumpunguzia. Asijinunulie dawa za mafua dukani, wala Piriton. Dawa hizo zaweza kuufunga mkojo ghafla kwa mwenye tezi iliyofura, na wazee wengi nimewapokea kasualti siku moja baada ya kuzimeza. Kama dawa aliyopewa ni tamsulosini, akiamka usiku aketi kidogo kitandani kwanza ndipo asimame, kwa sababu hushusha presha na watu huanguka. Choo kisikauke, maana tumbo gumu hukibana kibofu. Maji asiache, na joto hili letu. Anywe zaidi mchana na apunguze magharibi ikiingia. Na ile kahawa chungu ya barazani, mwanangu, najua haigusiki. Usimnyime. Lakini ikiwa kikombe chake cha mwisho ni cha baada ya Isha, mwombe akinywe alasiri, kisha daftari lile litawaonyesha kwa siku tatu kama safari za usiku zimepungua.